Meno Tisa, Meno Kumi na Moja

Mwanamke yule aliingia uani kwetu asubuhi bila kubisha hodi, viatu vyake vimeshikwa na tope mpaka vifundoni. Hakutuangalia sisi. Aliangalia kibanda cha mabati nyuma ya nyumba.

"Miye njo Falone, mutoto wa Abdoul," alisema. "Nimekuja kutafuta gari ya baba."

Mama aliendelea kumwaga machikichi ndani ya pipa la mashine yetu ya kukamua mawese. Wanawake watatu walikuwa wakingoja zamu na mabeseni yao.

"Gari gani?"

"Ile ndogo ya viti viwili. Nyekundu."

"Rangi yake, Kindu muzima wanaijua."

Nilimletea mgeni kiti na maji. Kiti alikikalia, maji hakuyagusa. Mama aliniangalia kwa jicho la kusema: umeona?

Mama yangu, Scholastique, ana sababu zake. Miaka mitatu iliyopita alikuja mwanamume mwenye karatasi ya mihuri mitatu, akijiita mpwa wa Abdoul. Baba yangu, Kanyinda, alikuwa bado hai. Alimwomba tu afungue boneti. Yule bwana alizunguka gari mara mbili akitafuta pa kushika, kisha akasema atarudi kesho. Hakurudi.

Gari lilikuja kwetu mwaka 1998, vita vilipofika Kindu, nami nikiwa bado tumboni mwa mama. Wenye bunduki walikuwa wakichukua kila kitu chenye magurudumu. Abdoul, mfanyabiashara aliyependa gari lake la mwendo kuliko duka lake, alilisukuma mpaka kwa baba, fundi wa karakana ya reli. Baba akatoa ponti ya nyuma, yaani ekseli nzima pamoja na meno yanayozungusha magurudumu, akaizika katika shamba la mihogo. Wenye bunduki walipofika, walikuta gari limekaa juu ya matofali bila miguu ya nyuma. Walicheka, wakaenda zao. Kesho yake Abdoul alihama na familia yake kwa miguu. Baba alimwahidi jambo moja: atalikuta gari na meno yake tisa, vile alivyolileta.

Maana ponti zilikuwa mbili. Gari lilitoka kiwandani na ponti ya meno kumi na moja yanayosukuma gurudumu la meno arobaini na moja. Hiyo ni ya lami: injini huzunguka chini ya mara nne, tairi huzunguka mara moja, gari hukimbia. Abdoul aliagiza nyingine, ya meno tisa kwa arobaini na moja, na ile ya kwanza ikabaki kwa baba. Hapo injini huzunguka mara nne na nusu. Mwendo hupungua, nguvu huongezeka, na tope la Maniema hupitika.

Vita vilipokwisha, njaa haikuisha. Baba alifukua ponti ya tisa akaifunga kwenye mashine ya mawese, kwa sababu motere yetu ni dhaifu, na ni tisa tu inayoiwezesha kugeuza pipa lililojaa. "Ni ya kuazima," alizoea kusema. Iliazimwa miaka ishirini. Ilinilipia masomo ya ufundi mpaka diploma.

Katika karakana ya reli hakuna chombo kilichotoka stoo kabla karani hajaandika kinakwenda wapi. Jina la mchukuaji lilifuata baadaye. Baba alileta desturi hiyo nyumbani. Hata nyundo hukuipata bila kusema inakoenda. Basi nami nilimuuliza mgeni, nikimwita "ya" kama dada mkubwa:

"Inaenda wapi, ya Falone?"

"Kibombo. Baba amerudi kule tangu mwaka jana. Miguu haimubebi tena. Anataka kukaa ndani mara moja, asikie motere yake."

Nilimpeleka kibandani, nikaondoa turubai. Kila mwezi baba aliwasha injini ile, na alipokufa nikaendelea mimi. Falone aliingiza mkono chini ya boneti na kuifungua papo hapo. Moyo wangu ukawa mwepesi. Mimi huamini watu upesi. Mama anasema shule ilinizidishia ugonjwa huo.

Lakini baadaye Falone alichuchumaa kando ya mashine ya mawese, akaitazama ponti kwa muda mrefu, akafuta mafuta kwa kidole. Kisha akasogea mbali na kuongea na simu kwa sauti ya chini. Aliporudi alisema:

"Munifungie ile ya kumi na moja."

Mama alinivuta nyuma ya jiko. "Njo Lubumbashi hiyo, kwa watu wa lami. Itapanda treni, itauzishwa kwa watu wa kupenda vyuma vya zamani. Kibombo ni ya mudomo tu."

"Labda hajui, mama."

"Anajua meno, na hajui barabara aliyopita leo?"

Nilipiga hesabu. Kwa gia ya kwanza, injini ikizunguka polepole kabisa, ponti ya tisa ingetambaa kilomita saba kwa saa. Ile ya kumi na moja ingetaka karibu tisa. Ni tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye mlima wa tope wa kwenda Kibombo inaunguza klachi. Nikafikiria giaboksi nyingine, yenye gia ya kwanza nzito zaidi, ili kumi na moja ifanye kazi ya tisa. Kule mtaa wa Kasuku kuna muuza vyuma mwenye giaboksi ya pikapu. Nilipanda moto, yaani pikipiki ya kukodi, nikaenda kuipima. Meno yake yalifaa kabisa, ila ilikuwa ndefu kupita nafasi iliyomo garini kwa shibiri nzima.

Niliporudi, Falone alikuwa bado kitini, na mama alikuwa bado hajamsemesha.

"Ya Falone," nilisema, "muntu wa Kibombo haombi kumi na moja. Gari inaenda wapi?"

Aliyatazama mabeseni. "Nilizani nitaikuta tisa iko imewekwa pembeni. Nimeikuta inawalisha. Nikiibeba, mutageuza pipa na nini? Nimemupigia baba simu. Amesema niiache. Kwenye tope nitasukuma."

"Maneno matamu," mama alisema. "Hata yule wa mihuri mitatu alikuwa nayo."

Falone alicheka kwa mara ya kwanza. "Baba alisema weye uko mugumu. Bon. Kuna kadran ya mwendo mule ndani. Baba alibadilisha ponti, kadran akaiacha. Ikionyesha sitini, gari iko arobaini na tisa. Tulikuwa watoto, anatuambia 'tuko sitini', na malori yanatupita."

Nilichukua penseli. Sindano ile ya kupimia mwendo ilitengenezwa kwa kumi na moja, ikaendeshwa na tisa. Sitini mara tisa, gawanya kwa kumi na moja. Arobaini na tisa. Nilirudia hesabu. Jambo hilo haliandikwi kwenye karatasi ya mihuri. Lazima uwe umekaa ndani ya gari.

"Ni kweli?" mama aliuliza.

"Ni kweli."

Falone alikuwa ametufungulia mlango wa kutokea, tubaki na tisa, na nilitamani tupite.

Mama aliinama akazima motere. "Mabeseni yenu yaende kwa mwingine leo," aliwaambia wanawake.

"Mama Scho, na kesho?"

"Kanyinda alisema tisa. Hakusema kumi na moja." Akamgeukia Falone. "Na weye kunywa maji yako, ama unazani tumetia sumu?"

"Nilizani hivyo kidogo," Falone alisema, akanywa.

Kazi ilichukua siku mbili. Kumi na moja tuliifunga kwenye mashine. Pipa likijaa, motere inazimika, kwa hiyo sasa tunatia nusu, na wenye mabeseni makubwa wameanza kuvuka barabara kwenda kwa jirani.

Juma lililofuata Falone alirudi na tairi nne mpya zimefungwa juu ya moto ya kukodi. Nilikaa kando yake ndani ya gari tulipotoka uani. Nyuma yetu nilisikia motere ya mama ikikohoa, ikazimika, ikawashwa tena.

"Ishirini," Falone alisema, akionyesha kadran.

"Kumi na sita," nilimjibu.