Udongo wa Jikoni

Wanafunzi wangu huniita Bwana Samadi, nami huitika. Nimewahi kuitwa majina yanayonuka zaidi. Ni vibarua wa shamba kubwa la jirani, na wiki nzima nimewafundisha kuupima udongo kabla ya kuutia mbolea. Siku ya mwisho niliwaleta uani kwangu. Shambani kwao mbolea ilikuwa imemwagwa jana, na udongo uliotoka kula haupimwi. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia. Nyingine ilikuwa mezani: birika la chai na vikombe vya kuazima. Tangu mke wangu afariki na wanangu wahamie mbali, meza ile haijamwona mgeni.

Walipita ua mzima zigizaga, kila mmoja akichimba kidogo na kutia kwenye ndoo moja. Walipokaribia kumaliza, lori la kuwarudisha likaanza kupiga honi. Muda ulibaki wa chai tu.

"Mwalimu!" aliita Mama Pacha, mpishi wa kambi yao, kutoka kona ya ua. "Njoo uone udongo huu, mweusi tii! Ulikuwa unatuficha?"

"Umeshautia kwenye ndoo?"

"Viganja viwili. Sina uchoyo mimi."

Niliinama. Majivu, vipande vya mkaa. Hapo ndipo lilipokuwa jiko la mke wangu. Udongo wa jikoni huidanganya ndoo nzima: vipimo vingesema ua umeshiba, kumbe una njaa. Nikinyamaza, tunakunywa chai. Ila msimu ujao watachota hivyo hivyo shambani kwa tajiri wao, na mahindi yakigeuka manjano, watakaofukuzwa ni wao.

"Mwageni," nikasema. "Hapa palikuwa jiko. Tunaanza upya."

"Na chai, mwalimu?" akalalama mmoja wao, dereva wa trekta. "Harufu yake imenitesa tangu nifike!"

"Chai haikuzi mahindi, ndugu yangu. Chimba."

Walinuna, wakachimba, wakamaliza. Honi ikawakokota wote hadi kwenye lori, isipokuwa Mama Pacha. Alikuwa amepiga magoti, akirudisha ule udongo mweusi shimoni kwake na kuushindilia taratibu.

"Lilikuwa jiko la watu wengi hili," alisema.

"Wanangu walikuwa wanagombania ukoko," nikamwambia.

"Pole, mwalimu." Akakimbilia lori.

Nilirudi ndani, nikajimiminia kikombe kimoja. Kisha nikaviosha vikombe vyote, hata visivyoguswa. Jirani aliyeniazima asije akavipokea vikavu, akaniuliza mbona wageni hawakunywa.