Mpangaji Aliyehama Mwili

Ezekieli alihamia Njombe kwa mbwembwe, godoro juu ya gari kama bendera ya ushindi, akiamini ameachana na nyumba aliyopanga Makambako pamoja na Kheri. Mwenyekiti wa mtaa wa Makambako alimwita, akamtoa ushamba.

"Mwanangu, umehama mwili tu," alisema, akigonga mkataba kwa kidole. "Jina lako linakaa hapa hadi Desemba. Mmesaini pamoja, mnawajibika pamoja. Kodi umeshalipa, safi. Ila choo mnasafisha kwa zamu."

"Siku hizi naishi Njombe, mzee."

"Choo kiko Makambako."

Ezekieli alidhani sahihi ya Kheri ingetosha kumtoa kwenye mkataba. Kheri, dereva wa lori anayeendesha usiku na kulala mchana, hakusaini. Tangu azaliwe alikuwa hajaona choo kikisuguliwa kwa uchungu kama Ezekieli alivyokisugua. "Nani ataziba pengo lako, kaka?" aliuliza kwa sauti ya msibani.

Basi kila Jumamosi Ezekieli akapanda basi kwenda kutumikia sheria. Mchumba wake Rebeka alisikiliza maelezo yote, akaguna.

"Unasafiri kwenda kusugua choo? Huyo choo anaitwa nani?" Akavua pete, akaiweka mezani. "Jumamosi hii urudi umeachiliwa, au usirudi."

Hapo Ezekieli akausoma mkataba kwa umakini ambao hata mtihani wa kidato cha nne haukuupata. Kumbe kama jina lilibaki, chumba nacho kilibaki, pamoja na haki ya kupokea wageni mchana.

Jumamosi akapokea wageni: kikundi kizima cha tarumbeta cha usharika wa kanisa lake, chini ya Filemoni, mtu mwenye mapafu ya ng'ombe. Walifanya mazoezi mpaka mabati yakaitikia.

Kheri alitoka amejifunga shuka, macho mekundu. "Eze, hii nini?"

"Wageni wangu. Wanaruhusiwa, soma mwenyewe."

Kheri akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Ezekieli akampigia mwenye nyumba, Mama Shamimu, kumpa habari njema.

"Na sahihi yangu?" mama aliuliza. "Tulisaini watu watatu."

"Kheri amekubali, mama."

"Kheri amekosa usingizi. Mimi huku Mahongole nimelala vizuri, na choo changu kinang'aa. Nisaini kwa lipi?" Akakata simu.

Ezekieli aliukunja mkataba taratibu, kwa heshima ya sheria. Kisha akamgeukia Filemoni, aliyekuwa anafuta mate kwenye tarumbeta.

"Kaka, mkiondoka sasa hivi, Mahongole mtafika saa ngapi?"