Maji ya Kinanda cha Hashim

Siku ya Alhamisi, baada ya chai ya saa nne, Hashim alikiondoa kitambaa cha kufuma ambacho mkewe alikifunikia kinanda, akakivuta kinanda chenyewe mbali na ukuta, akaweka vipande vya kandambili kuukuu chini ya spika ili sakafu isitetemeke. Kisha akawasha. Kinanda kikanguruma hata kabla hajakigusa.

"Baba Jalila, changuruma kama tumbo la mwenye saumu," akasema Mwanatabu, mkewe, kutoka jikoni.

Kilikuwa kinanda cha umeme cha kuwekwa nyumbani, chenye safu mbili za vibao na pedali za miguu kwa sauti nzito. Hashim alikinunua alipostaafu bandarini, wakati wenzake walinunua pikipiki. Alikuwa amesafisha vibao kwa spiriti na pamba, amebadilisha plagi, hata amezima friji ya jirani kwa ruhusa ya jirani. Mngurumo ulibaki pale pale chini ya kila wimbo, mzito, usiokoma, kama kitu kikubwa kinachopita.

Akaitwa Dancun, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na msikiti. Dancun alitoa shikamoo, akaitikiwa, akafungua mgongo wa kinanda, testa mdomoni.

"Mzee, hii kitu haina athi," akasema. "Umeme ukizidi, hauna pa kushukia."

Nyumba nyingi za mtaa wao wa Magogoni hazina waya wa athi, wa kuushusha umeme ardhini, na mafundi wa huko wana dawa moja: huufunga waya kwenye mfereji wa maji wa nyumba, kwa kuwa bomba huingia ardhini na mfereji wenyewe hauna kazi nyingine. Wa Hashim haukuwa umetoa tone tangu binti yao Jalila akiwa darasa la pili, na sasa Jalila ana watoto. Mwanatabu alikuwa akianika matambara juu yake. Maji matamu aliyanunua kwa watu wa mikokoteni. Ya kisima yalikuwa ya chumvi, hayatoi povu wala hayaivishi kunde. Dancun akaondoa tambara, akafunga waya.

Mngurumo ukakatika. Hashim akakanyaga pedali ya kwanza. Ikatoka sauti safi, nene, isiyo na mkwaruzo, na maji yakamwagika kutoka katikati ya vibao mpaka magotini mwake.

Dancun akayaonja kwa kidole. "Sasa iko sawa," akasema, akakaza skrubu, akaenda zake.

Mwanatabu akaleta mtungi.

Kufika Jumatatu mtaa wote ulikuwa umezijua taratibu. Pedali zilijaza mtungi kwa ubeti mmoja. Safu ya chini ya vibao ilijaza ndoo. Safu ya juu ilitoa matone tu, ya kumnawisha mtoto macho. Na maji yalifuata mkono wa mpigaji: akipiga sawa, yalikuwa matamu, akikosea, yalitoka na chumvi. Hashim, ambaye miaka yote alipiga apendavyo kwenye harusi za watu, sasa alikuwa na foleni ya kumsahihisha.

"Chumvi, Hashim! Chumvi!" Dhahabu, jirani wa ukuta mmoja, alitema. "Pale penye kituo waparuka. Rudi!"

"Nimerudi, dada."

"Umerudi na vidole vya nani? Nina kunde jikoni mie!"

Akajifunza. Akaondoa ule mtetemo wa sauti wa kubonyezwa kwa kitufe, ambao wapigaji wavivu hufichia makosa, akapunguza spika mpaka ikaacha kupasuka, akaheshimu vituo. Hakupata kupiga vizuri hivyo maishani mwake. Kunde za Dhahabu ziliiva. Mwanatabu, ambaye mgongo wake ulishapinda kwa kubeba maji, siku moja alioga kwa ndoo nzima, akatoka bafuni, akaketi barazani na kulia kwa hasira. Alikuwa ameisahau ladha ya kuoga mpaka mwisho.

Ijumaa likaja gari. Alishuka Griffin, afisa wa ofisi ya maji, na koleo ya kukazia sili za kufungia mita. Alieleza kwa upole. Bomba kubwa hupita chini ya nyumba ya Hashim, moja kwa moja hadi hoteli za ufukweni, bila tawi. Kila Hashim apigapo, bwawa la kuogelea la hoteli mojawapo hushuka. Jana asubuhi mgeni mmoja alijirusha, akakwaruza goti.

"Kwa hivyo ule mngurumo ni maji yetu yakipita?" akauliza Mwanatabu.

"Ni maji yakipita, mama," Griffin akasahihisha.

"Twaandika barua, kimya!" Dhahabu akapiga sufuria ukutani. "Twaandamana, twawaletea masufuria matupu hadi mlangoni, kimya! Hamkutuma hata paka. Goti la mtu lachubuka jana, leo mwaja na gari!"

"Goti limeripotiwa," akasema Griffin.

Hashim akauliza mbona hakati ule waya tu, yaishe. Griffin akajibu kwamba waya umefungwa kwenye mfereji, na mfereji huo, kwa kumbukumbu za ofisi, una maji kila siku. Kuugusa ni kumnyima raia huduma. Akatia sili kwenye pedali zote na safu nzima ya chini. Safu ya juu akaiacha, kwa matumizi ya nyumbani. Kabla ya kuondoka aliomba maji ya kunywa. Mwanatabu akamwonyesha mfereji. Griffin akaufungua, akangoja kidogo, akaufunga vizuri, akashukuru.

Alasiri ile foleni haikuja. Adhana ilipotoka Hashim aliketi kwenye kinanda, na Mwanatabu akasimama mbele yake, mikono ya nguo ameikunja. Sauti za juu zilikuwa safi, hazina lawama. Tone kwa tone Mwanatabu akaanza kutawadha: akanawa viganja, akasukutua, akanawa uso. Wimbo ukaishia kwenye viwiko. Hashim akauanza upya. Chini ya sakafu maji yalikuwa yakipita kwenda ufukweni, na sasa wote wawili waliyasikia kwa nyayo.

Msikitini watu walishaanza kutoka. Hashim akainua vidole kuvipumzisha.

"Usinyanyuke," akasema Mwanatabu. "Mguu wa kushoto bado."