Mashine Isiyo na Kwao

Gaudiose husema hakuolewa na mwanamume, aliolewa na ubishi. Sasa tazama ubishi wenyewe: Salvator, mume wake, ana saratani kwenye pafu la kushoto, uvimbe bado mdogo, unaweza kutolewa wote. Kitanda cha hospitali kapewa, upasuaji ni kesho. Leo kasikia kwamba mikono itakayoingia kifuani mwake ni ya roboti, basi kavaa viatu.

"Twende zetu nyumbani Batsinda, Mama Kirezi," akamwambia mkewe.

"Tukafanye nini huko? Nikakae nikikutazama unakufa?" Alifoka, na papo hapo machozi yakamlenga. Ampoteze mzee huyu! Asubuhi atagombana na nani?

Ndipo akaingia Daktari Belyse, binti atakayempasua, mdogo hata kwa kitindamimba wao. Salvator akamsalimu, kisha akauliza kile ambacho wazee wa hapa humuuliza kila mgeni: hiyo mashine ni mtoto wa nani?

"Papa, mashine haina..."

"Ehe! Haina baba, haina mama, haina kwao. Mimi kitu kisichojua kusalimia hakinigusi."

Gaudiose alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini daktari hakucheka. "Viatu umeshavaa, papa. Njoo uione."

Chumba cha mazoezi kilikuwa ghorofa ya chini, na mashine imesimama katikati na mikono yake minne. Belyse akaketi kando, akainamisha uso kwenye kioo, akashika vishikio viwili. Akisogeza kidole, mkono wa mashine unasogea. Akitulia, nao unatulia.

"Mtoto wangu huyo, papa. Bila mimi hawezi hata kujikuna."

Mkono mmoja wa mashine ukanyooka polepole kumwelekea Salvator. Wa pili ukaja, ukaugusa ule wa kwanza karibu na kiwiko, ukatulia hapo, vile vile mtoto aliyefunzwa nyumbani anavyompa mkubwa mkono.

"Yezu Mariya!" Salvator akaupokea kwa vidole viwili, akicheka mpaka akakohoa. "Huyu kalelewa!" Akarudi wodini, akavua viatu mwenyewe.

Kesho yake Gaudiose alisali rozari mpaka akasahau yuko fungu gani. Belyse alipotoka na kumwambia uvimbe umetoka wote, alimkumbatia binti wa watu akamlilia begani bila aibu.

Jioni Salvator alizinduka. Ubavuni kushoto ulitoka mpira wa kutoa maji, na mkono wa upande huo haukuinuka. Daktari aliposogea kitandani, mzee akamnyooshea wa kulia. Ukabaki hewani peke yake, naye akamtazama mkewe kwa fadhaa: kumpa mtu mkono mtupu, usioshikiliwa, adabu gani hiyo?

Gaudiose akainuka, akatia kiganja chake chini ya kiwiko cha mumewe, akakishikilia.

"Haya, msalimie," akamwambia. "Watu wasije wakasema huna kwenu."