Laini Isiyokatwa

Mama Unga alipowasha mashine yake ya kusaga, mtaa mzima ulijua. Si kwa kelele tu, maana kelele za mashine watu walishazizoea. Walijua kwa taa. Mota ilipojivuta kuanza, taa zote za jirani zilififia mara moja kisha zikarudi, kama mtu anayekonyeza jicho. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisimamisha mashine yake juu ya kichwa cha mteja akasema, "Mama Unga kaamka," na benchi zima likacheka. Mwenyewe alipopelekewa maneno hayo alijibu kwamba mwenye nguvu akipita, wenzake husogea kidogo.

Alikuwa na haki ya kujivuna. Mashine ile aliianzisha na marehemu mumewe ikiwa ya dizeli, inayotoa moshi mweusi na kulala siku tatu kila ikitaka kipuri. Serikali siku hizo alikuwa akiijua kwa risiti ya ushuru na picha ya mkubwa ukutani, basi. Halafu mambo yakaanza kubadilika, polepole, kama mzazi mkali anayezeeka na kukumbuka kwamba ana watoto. Kwanza kilijengwa kituo cha afya mwisho wa mtaa. Zikaja nguzo za umeme. Ukaja mfuko wa mikopo ya kina mama, na Mama Unga akapata mota mpya ya bluu ambayo aliifuta vumbi kila jioni kwa khanga yake kuukuu. Wapo waliosema serikali inajitia katika kila kitu, kesho itatupimia hadi chumvi ya mboga. Yeye aliwajibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona."

Shukrani hiyo ilikuwa na mpaka wake, na mpaka wenyewe aliitwa Bwana Mgao.

Mwaka ule mvua zilikuwa chache, bwawa la umeme likashuka, ikabidi umeme ugawanywe. Laini ya upande wa soko, ambayo mashine ya Mama Unga ilikuwamo, ilikatwa kila siku saa tatu asubuhi na kurudishwa saa kumi jioni. Mtu wa kampuni ya umeme aliyekuja kuikata alikuwa baba wa makamo, mpole, mwenye kofia ngumu ya njano na ngazi begani. Watu walimwita Bwana Mgao, kana kwamba yeye ndiye aliyeyanywa maji ya bwawa. Kumshikia ngazi kulihesabiwa usaliti. Mnyonge wa Mungu aliifunga ngazi kwenye nguzo kwa kamba, akapanda peke yake huku akitukanwa, akashuka, akasema "Samahanini," akaenda zake. Siku moja Mama Unga alimwambia mbele ya wateja, "Wewe ukifa tutakuzika gizani." Watu wakapiga makofi.

Kisha redioni likatangazwa agizo: laini zinazopeleka umeme kwenye vituo vya afya na pampu za maji zisikatwe kabisa, mgao au si mgao.

Mama Unga alisikia tangazo hilo akiwa anapepeta mahindi. Akageuza shingo. Nguzo ya laini ya kituo ilisimama hatua tisa nyuma ya banda lake. Hatua tisa tu! Jumapili ile fundi mmoja wa mtaani, asiye na kitambulisho wala haya, alivuta waya mweupe kutoka nguzo ile hadi bandani, akaondoka na debe la unga. Jumatatu saa tatu Bwana Mgao alikata laini ya soko kama kawaida, na mashine ya Mama Unga ikaendelea kunguruma. Alimpungia mkono.

Tuseme ukweli, hakuona kosa. Laini imeshaagizwa isikatwe; yeye kujiegesha pembeni kumempunguzia nani? Basi na wengine wakafikiri vivyo hivyo. Fundi wa kuchomelea mageti akavuta wake. Mama Barafu, mwenye majokofu manne, akavuta wake. Haukupita mwezi, nguzo ile ikawa na nyaya nyingi kama kichwa kisichochanwa, na watu walikuja kumshukuru Mama Unga kwa kuwafungulia njia.

Binti yake alishikwa na uchungu siku ya Alhamisi alfajiri, mimba ikiwa bado haijatimia miezi minane. Mama Unga alimwachia mashine shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa kazi ambaye ukimpa jambo hatalitupa. "Usisimamishe hata mahindi yakija kwa lori," alimwambia. Akafunga kifurushi, akamshika binti mkono, wakaenda.

Nesi alipowapokea aliona kifurushi, akauliza kina nini. Mama Unga akakifungua juu ya meza: wembe mpya, uzi, glavu jozi mbili, pamba, mishumaa minne na kiberiti. Nesi alivitazama, asicheke.

"Mama, viweke. Vyote vipo hapa."

"Na mishumaa?"

"Taa zipo. Hazikatiki."

"Na hela za kulipia je?"

"Binti yako ana kadi ya bima. Kaa hapa, upumue."

Mama Unga alikaa, na machozi yakamtoka bila kumuaga. Alikuwa na sababu. Kabla ya binti huyu alizaa mtoto mwingine, wa kiume, naye alikuja kabla ya siku zake. Mkunga alimpulizia hewa kwa mdomo, Mama Unga akishika mshumaa kwa mkono wake mwenyewe akiwa bado kitandani. Mshumaa uliisha kabla ya mkunga kuchoka. Waliendelea gizani kwa muda, kisha mkunga akasema, "Basi." Ni miaka thelathini na moja, na tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa ukoo wake aliyekwenda kuzaa bila kufungiwa mishumaa minne.

Mjukuu alizaliwa saa mbili na nusu asubuhi. Msichana, mdogo wa kuenea kiganja na nusu, ngozi imelegea kama nguo aliyoazimwa. Hakulia vizuri. Nesi alimlaza kwenye kitanda chenye joto, akamwekea vijineli vya hewa puani, akawasha mashine ya oksijeni, na kifua kile kidogo kikaanza kupanda na kushuka kwa mpango. Bibi mtu alisimama pale mikono kifuani. Alitaka kumshukuru mtu, hakujua aanzie kwa nani: nesi, aliyejenga chumba, aliyeleta mashine, au yule asiyemjua aliyekaa ofisini akaandika kwamba laini hii isikatwe. Akamshukuru Mungu, na hao wengine akawaweka humo humo.

Saa nne na kitu, taa ikafifia, ikarudi. Mashine ya oksijeni ikalia mlio mkali, ikanyamaza, ikaanza upya.

"Nini hicho?" binti aliuliza kutoka kitandani.

"Umeme unashuka," nesi alisema. Tayari alikuwa amechukua kijimfuko cha kuminya, anampa mtoto hewa kwa mkono. "Siku hizi ndiyo hali yetu. Kuna kitu kizito kinawashwa huko nje. Ukishuka sana mashine inazima, na kupata nguvu tena inachukua dakika. Nimempigia mtu wa umeme, anakuja. Anasema transfoma imezidiwa, fyuzi ikiungua leo haipatikani mpaka kesho."

"Hakuna mtungi wa oksijeni?" Mama Unga aliuliza.

"Umeisha juzi. Gari linaleta mwingine saa tisa."

Taa ikafifia tena, ikarudi. Mama Unga aliitazama. Alilijua konyezo lile. Mota inajivuta, mkanda unashika, mahindi yanashuka. Shemeji amemaliza gunia la mtu mmoja, amezima, amewasha kwa mwingine. Ilikuwa mashine yake.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Shemeji alikuwa na desturi ya kujiziba masikio kwa pamba akiwa kazini, na yeye mwenyewe ndiye aliyemzoesha.

Mama Unga alikuwa na miaka hamsini na nane na magoti mabovu. Alikimbia. Viatu alivikuta baadaye mlangoni mwa kituo, kwa hiyo alikimbia peku. Kinyozi alimwona akasema, "Leo Mama Unga kaamka kweli," kisha akauona uso wake akasogea kumpisha.

Bandani foleni ilifika barabarani. Hakumsalimu mtu. Alishusha meni swichi, mashine ikahema, ikalala. Shemeji akachomoa pamba.

"Shemeji! Watu hawa wote..."

"Warudi kwao. Mjukuu wako anavuta hewa kwa waya huu huu. Kila ukiwasha, unamnyima."

Shemeji aliitazama mota ya bluu kama aliyegundua nyoka. Akauchomoa mkanda kabisa, akaukunja, akaukalia.

Fundi wa mageti alikuwa na cheche hadi magotini. Mama Unga alipomwambia, alivua miwani yake myeusi polepole. "Mama, wewe ndiye uliyetufundisha njia. Leo unatufungia mlango?"

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyefundisha, na nilifundisha vibaya. Nisamehe kwanza, halafu zima."

Fundi alizima. Ana watoto watatu, na wote watatu walikatiwa kitovu pale kituoni bila kutoa hata shilingi. Alisema, "Twende kwa Mama Barafu, huyo hutamweza peke yako."

Mama Barafu kweli alikuwa mgumu, hata baada ya kuelezwa habari ya mtoto. "Na barafu zangu nani atazilipa? Kituo ni cha serikali. Serikali ina hela, inunue transfoma kubwa!"

"Itanunua," Mama Unga alisema, akihema. "Lakini haitafika kabla ya saa tisa. Barafu ikiyeyuka niletee maji yote niyanywe mbele yako. Zima, dada yangu. Nakuomba kwa maziwa yaliyokulea."

Mama Barafu alimtazama miguu ile peku, yenye vumbi na damu kidogo kwenye kidole gumba. Akaingia ndani. Majokofu manne yakanyamaza moja baada ya jingine.

Walipotoka, Bwana Mgao alikuwa amefika chini ya nguzo, kofia kichwani, ngazi begani, kamba mkononi. Watu walishaanza kumzunguka, na sauti zilikuwa zinapanda. Mmoja alimwambia kama ana kwao arudi. Naye alikuwa akifungua kamba yake kimya kimya, kama siku zote, ili ajifungie ngazi mwenyewe.

Mama Unga aliwapenya. Akaitoa ile kamba mikononi mwake, akaitupa chini, akaikumbatia ngazi kwa mikono miwili, akaweka goti lake bovu kwenye kidato cha kwanza.

"Panda, baba," alisema. "Nimeshika."

Bwana Mgao alimtazama, asijue kama ni mzaha. Kisha akapanda. Juu kabisa akauliza, "Mama, hizi nyaya ni nyingi. Nianze na upi?"

"Anza na ule mweupe. Ni wangu."

Waya mweupe ulianguka miguuni pake. Ukafuata wa fundi, ukafuata wa Mama Barafu, na nyingine ambazo wenyewe hawakujitaja. Bwana Mgao aliposhuka jasho lilikuwa likimtoka. Mama Unga hakuiachia ngazi mara moja.

"Ile kauli ya kukuzika gizani," alisema, "naifuta. Na ule mkono niliokupungia, naufuta pia."

"Nimesahau, mama."

"Hujasahau. Nisamehe hivyo hivyo."

Alirudi kituoni akitembea, maana magoti yalikuwa yamekataa. Mlangoni aliogopa kuingia. Akasikiliza. Mashine ya oksijeni ilikuwa inanguruma taratibu, bila kukatika, na aliyejua ngurumo ya mashine mtaani pale kuliko wote alikuwa yeye. Nesi alikuwa ameweka chini kijimfuko chake, ananyoosha vidole. "Imetulia," alisema. "Sijui wamefanya nini huko." Mama Unga hakumweleza siku ile. Alikaa kitandani kwa binti yake, akashika mguu mdogo wa mjukuu, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mtungi ulikuja saa tisa kasoro. Mtoto alikaa pale kituoni wiki tatu, akatoka na shavu.

Mgao haukuisha mwaka ule. Saa tatu asubuhi Bwana Mgao aliwasili na ngazi, na Mama Unga alitoka bandani, akajifuta unga mikononi, akamshikia. Mashine ikanyamaza katikati ya gunia, wateja wakaguna. Yeye alivuta kigoda hadi mlangoni, mjukuu mapajani, akaangalia mwisho wa mtaa, kwenye taa ya mlango wa kituo ambayo nesi kila siku alisahau kuizima. Zamani aliwahi kumgombeza kwa ufujaji huo, taa inawaka jua limetoka.

"Umeme wetu umekwenda wapi, Mama Unga?" aliuliza mteja mmoja.

"Ule pale," alisema, akimwonyesha kwa kidevu, na akasogea kwenye kigoda ili naye apate pa kukaa kusubiri.