Kuni za Matubwitubwi

"Mimi ugonjwa haunijui," Truphosa binti Masinde aliwaambia wenzake. "Tangu ile surua. Na upele. Na kifaduro, lakini hicho kilikuwa kidogo, miezi miwili tu."

Matubwitubwi yalikuwa yameingia shule yao ya shamba la mzungu, karibu na Rongai. Mwalimu Wasike akatoa amri: kila shavu lililovimba likae nyumbani wiki tatu, na mtihani wa darasa la nne haungoji shavu la mtu.

Jumapili, mtihani ukiwa kesho, Truphosa aliamka taya zimejaa kama aliyemeza maandazi mawili yakakwama. Kukhu, nyanya yake, hakuhangaika. Alirarua upindo wa leso yake ya manjano, akafunga nao kuni, akamtwika.

"Zunguka mti mara tatu, kisha uzitupe, ukimbie bila kutazama nyuma. Ugonjwa utabaki kwenye kuni. Atakayeziokota ni wake."

"Yeyote, kukhu?"

"Ndiyo maana watu hutupa porini, mbali."

Mti aliuzunguka. Lakini kutupa porini aliona ni hasara. Alikwenda kuzitupa kwenye njia ya Jeruto, binti wa mchunga ng'ombe, aliyemshinda kila mtihani na bado akamwazima penseli. Kila mtoto alitakiwa kuja na kuni za uji wa shule, Jeruto hangeziruka.

Hakuziruka. Jumatatu alifika nazo kichwani, akazitua mlangoni. Truphosa, leso ya kukhu imemzunguka kuanzia utosini hadi kidevuni, akacheka moyoni. Akapapasa taya: bado zimejaa. Hazijapata muda, akajiambia, akawa anaitazama shingo ya Jeruto, akingoja ivimbe.

"Wewe, unaumwa nini?" mwalimu akauliza.

"Jino, mwalimu."

"Pole. Kaa."

Akampa karatasi. Akamwacha aandike jina lake, vizuri, bila haraka. Kisha akaenda mlangoni, akafungua ule mzigo wa kuni, akarudi na kitambaa cha manjano. Akakiweka juu ya leso, kando ya sikio. Rangi moja, maua yaleyale. Mwalimu Wasike naye alizaliwa magharibi, alikotoka kukhu, na utotoni aliwahi kutwikwa kuni.

"Jino baya sana hilo," alisema kwa upole. "Ulizunguka mara ngapi?"

"Tatu, mwalimu," Truphosa akajibu, macho yakiwa bado kwenye shingo ya Jeruto.