Shimo la Kwanza

...na kama angezidondosha tu, punje tatu, udongo juu, basi, nani angejua, lakini mkono wa Nerima umegoma, unaning'inia juu ya shimo la kwanza, vidole vimejifunga kama vya mtoto aliyeiba sukari, na mgongoni mwanawe Sylvanus, wa miezi mitano, anampumulia shingoni pumzi ya joto, hajui kitu, na wanawake wenye vipande vyao vya shamba hapa kando ya reli wamesimama na majembe wanamsubiri, mvua imekatika sasa hivi, mvua ya kwanza ya Machi, siku tatu ilikuwa ikinguruma upande wa ziwa bila kufika, na sasa Namuwongo nzima, mtaa huu wa Kampala, inanuka udongo uliolowa, harufu ya kitu kipya, harufu ambayo mwaka jana ilimfanya atabasamu peke yake... "Mama Sylvanus!" hiyo ni sauti ya Ajwang, muuza samaki, "unapanda ama unaliombea shimo? Kama ni maombi si ungetuambia tulete Biblia!" na wengine wanacheka, kicheko chema, hicho ndicho kinachomchoma, kicheko cha watu wanaomwamini, maana desturi ya hapa ni moja, mwenye mtoto mchanga kuliko wote ndiye anayefungua msimu, mkono wa mnyonyeshaji una heri, wanasema, ukitia mbegu ya kwanza mashimo yote yataitika, na mwaka utakuwa mpya kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye uliopita ulimtupa chini, na asubuhi hii yeye naye alitoa beseni nje kama wenzake, akakinga maji ya kwanza, akamnawisha mtoto, akajinawisha uso mara tatu akisema moyoni, yaliyopita yamekwenda na maji, mimi ni mtu mpya, mtu mpya, na alipofumbua macho alikuwa yuleyule, maji yakimchuruzika kidevuni, na ndani ya sufuria pembeni maharagwe aliyoyanunua sokoni yalikuwa yakielea.

Yalielea zaidi ya nusu, na hakuna mtu aliyelelewa Busia asiyejua kwamba haragwe linaloelea limeliwa ndani na wadudu, halioti, lakini aliyaopoa yote, akayakausha kwa leso, akayarudisha koponi, na hata hizi tatu alizozichagua kwa kuwa ndizo nzuri, kidole gumba kinazipapasa na kukuta katundu, kadogo, ka mviringo, kama kalikotobolewa kwa sindano... mbegu za mamamkwe hazikuwa na tundu hata moja, mama Nabangala alizipaka majivu kwa mikono yake, akazifunga kwenye maganda ya mgomba, akampa dereva wa basi mwezi wa kwanza, nyekundu zenye michirizi myeupe, na barua, nusu yake umpe yule jirani yako wa Kongo, maana yeye hana nyumbani pa kuletewa mbegu, na Nerima alikimbia siku hiyohiyo kumwambia Emérence, akaona uso wa mwanamke mzima ukifunguka kama dirisha, na tangu hapo Emérence amelima, miezi miwili, kile kipande kibaya karibu na mfereji, akitoa mawe, akitoa mifuko ya nailoni, akitoa maganda ya risasi ya vita vya zamani vya hapa, ambavyo havikuwa vyake, akayapanga kwenye ukingo kama vitu vya mtu atakayerudi kuvichukua... "Eh, Mama Sylvanus, iko nini? Mugongo inakuuma? Leta mutoto nikubebee," ni yeye, amesimama hatua mbili tu, Nerima anaiona miguu yake bila kuinua kichwa, matope mpaka kwenye vifundo, na juu ya matope pindo la kitenge cha kanisani, amevaa kitenge cha kanisani kuja shambani, na mkononi kopo tupu la maziwa ya unga, limesuguliwa mpaka linang'aa, linangoja nusu yake... "Hapana, dada, niko sawa," anasema, au anadhani amesema.

Njaa ingesemeka, njaa kila mtu hapa anaijua, Wanjala, mumewe, alikaa mwezi mzima bila kuitwa kwenye kazi ya ujenzi, maziwa yalikuwa mepesi, mtoto akilivuta titi na kuliacha akilia, kikombe kimoja tu cha mbegu zile, alijiambia, kwa ajili ya maziwa, kisha kingine, hayo angeweza kuyasema hata mbele ya watu, ila ule mlango... kikombe cha mwisho alikipika mchana, mume akiwa amekwenda kutafuta kazi, akafunga mlango kwa komeo, akala peke yake, na chumvi, na yalikuwa matamu, Mungu wangu, yalikuwa matamu kuliko kitu chochote alichokula Kampala, ndipo mlango ukagongwa, "Mama Sylvanus, uko? Nakuletea sombe kidogo, ingali ya moto," na yeye akaisukuma sufuria chini ya karai, akaacha kutafuna, akamziba mtoto mdomo kwa titi, akakaa hivyo, maharagwe ya Emérence yamemjaa shavuni na Emérence yuko nje na sahani, "Basi nakuwekea hapa chini, usikawie, kuku watakula," nyayo zikaenda zake, na yeye akatafuna, akameza, akafungua mlango, akala na sombe, majani yale ya muhogo yaliyotwangwa, sahani akairudisha safi, asante dada, na jioni ileile akamwandikia mamamkwe, mbegu zimefika salama, tunangoja mvua, kwa mwandiko wa kulala, bila kosa, bila neno hata moja lililofutwa.

"Jamani, huyu amelala wima!" Ajwang tena, na kopo lake limejaa mpaka juu, Ajwang hajawahi kukosa mbegu, na Nerima anayaona majuma yanayokuja kama yameshafika, siku ya sita maharagwe ya Ajwang yatainua shingo zao za kijani, siku ya nane ya wengine wote, na kule karibu na mfereji, hakuna, Emérence atachutama kila asubuhi juu ya mashimo yake, atachokoachokoa kwa kidole, taratibu, asiumize chochote, na hatasema mbegu zilikuwa mbovu, hapana, ni mtu aliyeacha nyumba na kaburi la mama yake Uvira, atasema kile anachosema hata maji ya bomba yakikatika, "Ni mimi, niko na mukosi," atajilaumu yeye, atamwomba Nerima msamaha kwa kuiharibu zawadi ya mamamkwe, na Nerima atamwambia usijali, dada... usijali... na hapo ndipo anapoona, ameibeba aibu hii tangu Januari akidhani mabaya yake ni kuonekana, kumbe yako mabaya zaidi, yako mabaya ya kuitua na kumtwika mwenye sahani, na mvua bado ni ya kwanza, udongo bado unanuka upya, mbegu zinazoota zimejaa kwenye kopo la Ajwang hatua tano kutoka hapa, leo bado inawezekana kuomba, kesho kutwa haitawezekana, na atakuwa mama aliyekula mbegu, mwaka huu na mwaka ujao watamwita hivyo kisimani, labda, na shimo bado liko wazi chini ya mkono wake, limeanza kujikusanyia maji, na wanawake bado wamesimama, na Ajwang bado anacheka, na Nerima, ambaye bado ameinama, anaugeuza mkono, kiganja juu, anavifungua vidole kimoja kimoja na kuunyoosha upande ile miguu ya matope iliko, "Dada Emérence," anasema, na safari hii anaisikia sauti yake mwenyewe, "usikinge kopo lako bado... njoo kwanza, angalia, mbegu hizi zimetoboka."